Mtu mmoja, pedi ya watano: Skyrim ndani ya banda la gemu Mwanjelwa

Toka Skyrim, gemu ya kuzunguka nchi ya kubuni yenye majoka, itoke tarehe 11 Novemba 2011 imesifiwa sana na imesemwa vibaya sana, na nimesoma vya kutosha vya pande zote mbili, ila sehemu niliyoona uzuri wake na ubovu wake vikitoka mahali pamoja kabisa ni kwenye banda moja la gemu pale Mwanjelwa, hapa hapa Mbeya. Watu watano walikuwa wanacheza mtu mmoja wa ndani ya gemu, sevu moja (mchezo uliohifadhiwa), kwa zamu. Wakaenda vizuri muda mrefu bila kugombana, halafu siku moja wakagombana mpaka wengine wakasusa. Nataka nikichambue hiki kisa taratibu, maana naamini sababu iliyofanya wasigombane ndo udhaifu mkubwa wa hii gemu, na kilichowagombanisha ndo kitu bora kuliko vyote ndani yake.

Banda ni la kawaida tu, fremu moja, tivi tatu ukutani, mbili ni za mpira kuanzia asubuhi mpaka usiku na hizo hazibanduki. Ya tatu ina PS3 (PlayStation 3) ambayo mwenye banda aliinunua Tunduma ikiwa imetumika, ikaja na diski chache kwenye mfuko, mojawapo ndo hii. Bei jero kwa nusu saa. Sasa anayeijua Skyrim ameshaliona tatizo: gemu inaanza umefungwa mikono kwenye mkokoteni unapelekwa kukatwa kichwa kijiji kinaitwa Helgen, watu wanaongea, huwezi kuruka hiyo sehemu, kisha unachagua sura na kabila lako (yapo kumi), kisha joka linashuka linaunguza kila kitu, kisha unakimbia kwenye mapango na askari mmoja kati ya wawili. Ukitoka nje ya pango kuona jua, nusu saa yako imekwisha na hujafanya lolote la kujivunia. Wateja wa kwanza wawili watatu walilipa jero yao wakaona mkokoteni, wakarudi kwenye mpira.

Aliyeokoa jahazi ni dogo mmoja wa kidato cha pili, yeye alivumilia akatoka pangoni akasevu. Aliyekuja baada yake hakutaka kuanza tena na mkokoteni, akamwambia mwenye banda "bosi niendelezee hapo hapo alipoishia dogo", na ikawa hivyo. Wakafika watano wa kudumu: huyo dogo, kaka mmoja wa bodaboda kijiwe cha Kabwe, mwanafunzi wa chuo kikuu cha MUST, fundi simu aliyehamia toka Iringa, na dada anayemsaidia mama yake kukaanga chipsi nje ya banda, ambaye mwanzoni alikuwa anaingia kuangalia tu. Mwenye banda akaweka daftari la mistari juu ya meza, ukimaliza zamu unaandika umefanya nini, umeuza nini, na silaha gani haitakiwi kuguswa. Hilo daftari nimelisoma lote. Kwa kweli lingefaa kuwekwa mahali pa heshima, maana ni rekodi nzuri kuliko jono la gemu lenyewe (orodha ya misheni zako mle ndani).

Uzuri nauanza kwa dada wa chipsi kwa sababu yeye ndo alielewa hii gemu kabla ya sisi wote. Zamu zake za mwanzo hakupigana na mtu. Alitembea tu. Alitoka mji wa Whiterun akaenda mashariki, akauzunguka mlima mkubwa kuliko yote mle ndani, akafika kijiji cha Ivarstead na kuanza kupanda ngazi zinazosemwa ni elfu saba kwenda High Hrothgar kwa wazee wenye sauti, theluji inapiga, upepo unavuma, muziki wa Jeremy Soule chini chini, na watu waliokuwa wanasubiri tivi za mpira wakaanza kugeuka mmoja mmoja kuangalia. Mtu wa Mbeya baridi ya mlimani anaijua, Loleza tunaiona kila asubuhi na ukungu wake, Rungwe ile pale, hivyo tukiona kwenye skrini mlima ambao unaonekana toka kila upande wa nchi na ukiufuata kwa miguu unaufikia kweli, kile kitu kinagusa. Gemu nyingi zinakuchorea mlima wa pambo. Hapa mlima upo, una njia, una maiti za waliokufa njiani, una mbuzi, na ukiteleza unakufa.

Njiani dada alikuwa anachuma kila ua. Na akagundua mwenyewe, bila kuambiwa na mtu, kwamba ukikila kitu kwenye mfuko wako unafahamu sifa yake moja, na kila kiungo kina sifa nne, na ukichanganya viwili vyenye sifa inayofanana unapata dawa. Ngano na ua la bluu la mlimani vinatoa dawa ya kuponya. Ngano na kidole cha jitu vinatoa dawa ya bei mbaya sokoni. Akaandika kwenye daftari kurasa mbili za michanganyiko, akawa ndo mhasibu wa kikundi, pesa zote za nyumba ya Whiterun (vipande elfu tano) zilitoka kwenye dawa zake. Hamna misheni iliyomwambia afanye hivyo. Mimi hilo naliheshimu sana, gemu imekaa kimya ikaacha binadamu atumie akili yake.

Dogo naye ana cha kwake. Kiingereza chake bado, na kwenye ile tivi maandishi ya Skyrim ni madogo kinoma hata mwenye macho mazuri anasogea karibu, hilo ni kosa la wazi la watengenezaji na kwa matoleo ya zamani halina utetezi. Lakini alipofika kwenye kaburi la Bleak Falls Barrow akiwa na ule ukucha wa dhahabu, mlango una duara tatu zenye wanyama, kaka wa bodaboda nyuma yake anamwambia bahatisha tu zungusha zungusha. Dogo akafungua mfuko, akauchukua ukucha, akauzungusha kwenye skrini, akaona wanyama watatu wamechorwa kiganjani: dubu, nondo, bundi. Akapanga, mlango ukashuka. Banda zima lilishangilia! Hakuhitaji kusoma neno. Kuna sehemu nyingi za hivi, mifupa ya mtu imelala kando ya sanduku na chupa mkononi, nyumba imeungua na alama ya mtu sakafuni, unaelewa kilichotokea kwa kuangalia. Kwa nchi kama yetu ambako gemu haijaandikwa kwa lugha yetu, huu uandishi wa kutumia macho ni zawadi.

Halafu kuna ule mfumo wa ujuzi. Haukuambii uchague uwe mpiganaji ama mchawi. Ujuzi uko kumi na nane, ukifua chuma ufuaji unapanda, ukinyata kunyata kunapanda. Kwa mtu mmoja anayecheza peke yake huo mfumo unamfuata yeye. Kwa watu watano ukatoa kiumbe cha ajabu: anafua kama fundi simu (aliyeshinda kwa mfua chuma akitengeneza majambia ya chuma mamia kwa mamia, ile mbinu ya zamani ambayo kwenye diski isiyo na apdeiti bado inalipa), anachanganya dawa kama dada, ananyata na upinde gizani kama kaka wa bodaboda, anaiba kama dogo, na anataka kurusha moto kama mwanafunzi.

Na hapo mwanafunzi ndo akaanza kulia, na kilio chake kilikuwa cha haki. Levo ya mtu inapanda kwa ujuzi wowote, hata wa kuuza na kuchanganya majani. Maadui wengi wanapanda kufuata levo yako. Hivyo fundi na dada walikuwa wanaipandisha levo mjini kwa amani kabisa, mwanafunzi akishika pedi (kidude cha kuchezea) anakuta majambazi na maiti wa makaburini wameshakuwa wagumu, na uchawi wa moto kwenye hii gemu una kasoro inayojulikana, nguvu yake haiongezeki sawasawa na maadui kama panga linavyoongezeka ukilifua upya. Anarusha moto mpaka mana (nguvu ya uchawi) inaisha, adui kapungukiwa robo. Wakati huo kaka wa bodaboda kwa upinde na kunyata anaua kwa mshale mmoja kutoka kwenye kona. Watu mtandaoni wanasema kila mchezaji wa Skyrim mwisho anaishia kuwa mpiga upinde wa kunyata, na kwenye hili banda niliona kwa nini: siyo kwamba wote wanapenda upinde, ni kwamba njia nyingine zinachoka mapema. Upiganaji wa panga nao ni wa kupokezana tu, napiga unapiga, hauna utamu wa mkono ambao gemu kama Dark Souls ilikuwa nao mwaka huo huo 2011.

Hayo ni madogo. Kubwa lenyewe ni hili.

Ndani ya muda mfupi huyu mtu wao akawa mkuu wa Companions, chama cha mashujaa pale Whiterun. Kaka wa bodaboda alifanya. Ili kumaliza hizo misheni lazima ukubali kugeuka mbwa mwitu, akakubali, akaandika kwenye daftari mstari mmoja, basi. Mwanafunzi akaenda chuo cha uchawi Winterhold, kuingia tu wanakutaka urushe uchawi mmoja getini, mwisho wa stori ukawa Mkuu wa Wachawi, na ukiangalia kwa makini uchawi aliotumia njia nzima ni wa kuhesabu kwenye vidole. Dogo akaingia chama cha wezi Riften. Na dada, ambaye huwezi kuamini, alikwenda Windhelm akamkuta mtoto anafanya tambiko la kuita wauaji, akamsikiliza, na mwisho akaingia Dark Brotherhood, chama cha wauaji. Mkuu wa mashujaa wenye heshima, mkuu wa maprofesa wa uchawi, mwizi mkubwa na muuaji wa kukodiwa, wote ni mtu yule yule, analala nyumba ile ile, na hakuna mtu hata mmoja kwenye nchi nzima anayemuuliza inakuwaje.

Ndiyo maana hawakugombana. Nimelifikiria sana hili. Watu watano wenye tabia tofauti kabisa waliishi ndani ya mwili mmoja kwa amani kwa sababu dunia ile haikujali huyo mtu ni nani. Alichofanya dogo usiku hakikumzuia dada asubuhi. Hakuna mlango uliofungwa kwa sababu ya mwingine. Watengenezaji, Bethesda wakiongozwa na Todd Howard, waliamua kwamba mchezaji asikose chochote, aweze kuona kila kitu kwa mchezo mmoja, na mimi naelewa kwa nini, mtu kanunua diski kwa hela yake anataka aone vyote. Lakini gharama yake ni kwamba cheo hakina uzito. Ukipewa ukuu wa chuo bila kujua uchawi, ukuu huo ni kofia. Kwenye The Witcher 3, iliyotoka Mei 2015, kuna mambo unaamua halafu baada ya saa kadhaa unakuta kijiji kizima kimebadilika kwa neno lako na huwezi kurudi, na hiyo sevu usingeweza kuigawana watu watano hata dakika kumi.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba Skyrim ina kumbukumbu, tena kali, ila inakumbuka vitu badala ya watu. Ukidondosha jibini mezani leo, ukirudi kesho kwenye nyumba yako jibini lipo pale pale. Kila bakuli ulilosukuma, kila kiti, kila maiti, injini inaandika tofauti kati ya ilivyokuwa na ulivyoiacha. Dogo aliwahi kumvisha muuza duka ndoo kichwani ili asione, kisha akabeba duka lote, na ile ndoo ikabaki. Sasa PS3 ina memori ya megabaiti 256 za kawaida na 256 za picha, zimetenganishwa, huwezi kuazima za huku ukapeleka kule. Josh Sawyer aliyeongoza Fallout: New Vegas, ambayo ilijengwa juu ya teknolojia ya familia hiyo hiyo, alishaeleza jambo hili: kadiri mchezaji anavyogusa vitu vingi, mzigo wa tofauti unakua, na mashine ya namna ile inakosa pa kuuweka. Toleo la PS3 lilisumbua wachezaji wengi duniani mwishoni mwa 2011, zikaja apdeiti za kurekebisha, na hata nyongeza kama Dawnguard iliyotoka Xbox 360 Juni 2012 ilifika PS3 Februari 2013.

Mashine ya Mwanjelwa haijawahi kuunganishwa intaneti. Watu watano wanagusa vitu mara tano. Ikawa ukikaa muda mrefu bila kuizima picha inaanza kukatika katika, ukigeuka inaganda sekunde nzima, ukiingia mjini unasubiri kuloadi mpaka mtu wa jirani anafunga goli. Mwenye banda akawa anaizima na kuiwasha kila baada ya zamu mbili, hiyo ilisaidia kiasi. Lakini angalia picha yenyewe: gemu imejaa kumbukumbu za ndoo na jibini mpaka inashindwa kupumua, halafu haijui kwamba mkuu wa chuo ni muuaji. Kama ningepewa dakika moja na waliotengeneza ningewaomba kitu kimoja tu, wahamishe ile kumbukumbu kutoka mezani wapeleke kwenye midomo ya watu.

Sasa ugomvi.

Kwenye Skyrim kuna vita ya wenyewe kwa wenyewe. Upande mmoja dola, askari wake wako Solitude chini ya Jenerali Tullius, wamesaini mkataba na waelfu (elves, jamii nyingine mle ndani) unaokataza kumwabudu mungu Talos. Upande wa pili Stormcloaks, wako Windhelm chini ya Ulfric, ambaye alimuua mfalme mkuu kwa pambano na kuanzisha uasi. Katikati kabisa ya ramani iko Whiterun na mtemi wake Balgruuf, ambaye hataki kuchagua. Vijana bandani walikuwa wanamwita Malafyale, yaani mtemi kwa Kinyakyusa, kwa mapenzi kabisa. Ndiye aliyempa mtu wao cheo cha kwanza, cha thane, baada ya joka la kwanza, akampa shoka, akampa Lydia wa kumlinda, akamruhusu kununua nyumba. Kwa watu waliofika pale bila kitu, huyo mzee ndo aliwapa mji.

Muda wote hakuna aliyegusa vita. Lilikuwa kama jambo wameogopa kulisema. Fundi simu alikuwa anataka Stormcloaks tangu siku ya kwanza, na hoja yake siyo ya kitoto. Yeye ni wa Iringa, amekua akisikia habari za Mkwawa, jinsi Wahehe walivyowapiga Wajerumani pale Lugalo Agosti 1891 na Zelewski akafa, jinsi Kalenga ilivyoangushwa 1894, jinsi Mkwawa alivyopigana porini mpaka 1898 akakataa kukamatwa akiwa hai, na fuvu lake likarudi 1954. Akasema, mtu akija kukwambia mungu wako usimwabudu kwa sababu yeye kasaini karatasi na watu wengine, huyo unampiga, hamna mjadala. Dada akamjibu, kaka samahani, Mkwawa simfananishi na huyu. Nenda Windhelm mtaa wa wale waelfu weusi waliokimbilia, angalia wanavyokaa kwenye uchafu na Ulfric yuko ikulu hatua chache, na wenyeji wanawatukana mlangoni usiku. Nchi anayoipigania ni ya nani? Mwanafunzi akaongeza kwamba dola ikivunjika waelfu ndo watashinda, kwa hiyo Ulfric anawafanyia kazi maadui bila kujua. Yalikuwa maongezi ya maana kuliko mengi niliyosikia redioni, na watu wa tivi za mpira walipunguza sauti kusikiliza.

Halafu ikafika jioni moja fundi amebaki peke yake na kaka wa bodaboda, wengine hawapo. Wakaenda Windhelm wakaapa. Wakapewa misheni ya taji, na hapa niseme gemu ilikuwa ya kiungwana, maana baada ya kulipata lile taji bado unaweza kulipeleka upande wa pili ukabadili jeshi, ndo nafasi ya mwisho. Wao wakalipeleka kwa Ulfric. Ulfric akawapa shoka wampelekee Balgruuf, maana yake chagua. Balgruuf akalirudisha. Vita ikaja Whiterun.

Kaka wa bodaboda aliandika kwenye daftari asubuhi yake, "tumeuchukua mji". Dada aliposoma hakuelewa. Akawasha. Akakuta ukuta umebomoka, kuna alama za moto, na kwenye kiti cha Balgruuf amekaa mzee mwingine, Vignar. Akaenda mpaka Solitude kumtafuta, akamkuta kwenye jumba la watu, mkimbizi na watoto wake. Sehemu ya kushindwa kwake hakuiona ila fundi alimsimulia: mzee anapigana, anapiga goti, anasalimu amri, kisha anamgeukia huyu huyu mtu aliyempa cheo na kumwambia alimdhania kuwa mtu bora kuliko hivi. Dada aliweka pedi mezani akatoka nje kwenye chipsi. Hakulipa ile zamu na mwenye banda hakumdai.

Waligombana siku kadhaa. Dogo alikuwa upande wa dada, alikuwa na hasira mpaka anamjibu fundi bila heshima na mwenye banda akamkemea, dogo huyo ni kaka yako. Mwanafunzi alitaka warudishe sevu ya zamani, wakatafuta, zote za zamani zilishafutwa kupunguza mzigo. Fundi hakuomba radhi. Alisema alifanya anachoamini na Mtemi alipewa nafasi ya kuchagua akachagua, na kwa hilo nadhani alikuwa na haki kuwa na msimamo, japokuwa kwa maoni yangu angesubiri wenzake warudi, sevu ilikuwa ya wote.

Huo ugomvi ndo Skyrim bora kabisa niliyowahi kuona. Kwa mara ya kwanza kitu alichofanya mmoja kilimfungia mlango mwingine. Kwa mara ya kwanza cheo cha thane kilikuwa na uzito, maana ulikitumia kumsaliti aliyekupa. Na tazama vifaa vyenyewe vilikuwa dhaifu! Vita yenyewe ukiicheza ni askari wachache wanakimbia kimbia getini, asilimia inashuka kwenye skrini, hata haifanani na jeshi. Ngome zinazofuata baada ya Whiterun ni ile ile kazi imerudiwa mahali tofauti. Ukimaliza vita, nchi inabadilika bendera na watemi kadhaa, maisha yanaendelea. Lakini mahali pale pamoja, Balgruuf na goti lake, waandishi walikuwa wamekaa na wewe muda mrefu kabla, wamekupa nyumba kwake, umepita mbele ya kiti chake mara nyingi, kwa hiyo maneno machache yalitosha kuvunja kikundi cha watu watano.

Kuna sehemu nyingine walijaribu hivyo hivyo wakakosea hesabu. Paarthurnax, joka mzee kule juu kabisa ya mlima anayekufundisha, wale Blades, chama cha wawinda majoka, wanakutaka umuue la sivyo hawakusaidii tena. Hapo gemu haikupi nafasi ya kubishana nao, kuwaambia mimi ndo mwenye damu ya joka, nyie mnanitumikia. Unaua ama unawapuuza milele na misheni inakaa kwenye jono haifungiki. Watu wa kompyuta walitengeneza modi (nyongeza ya wachezaji wenyewe) ya kurekebisha hilo, na modi zenyewe kwenye kompyuta zimeipa Skyrim maisha marefu kuliko kitu kingine chochote, ila PS3 haina modi. Bandani walikubaliana wote watano, bila kura, hakuna kumgusa mzee.

Walichofanya baada ya Whiterun ni cha busara. Walifuta ile sevu nzito iliyokuwa inaganda, dogo akajitolea kuvumilia mkokoteni tena, alipotoka pangoni wakasevu mara mbili, moja ya fundi na kaka wa bodaboda, moja ya dada, dogo na mwanafunzi. Kila sevu ina upande wake wa vita na upande unajulikana mapema. Kwenye sevu ya dada wameamua pia kwamba asiyejua uchawi haendi Winterhold, na mwizi haingii Companions. Gemu haiwakatazi, wamejikataza wenyewe, na mwanafunzi ananiambia sasa hivi ndo anaona raha ya kurusha moto kwa sababu mtu wao ni mchawi kweli na majambia hayafuliwi kupandisha levo bure.

Kwa mwenye banda yeyote wa Mbeya, Tukuyu, Makambako ama Iringa anayefikiria kuiweka: usiiweke kwenye PS3 kama huna namna ya kupata apdeiti. Toleo la Special Edition lililotoka Oktoba 2016 kwa PS4 na Xbox One halina lile tatizo la memori kwa kiwango kile, maandishi yanasomeka vizuri zaidi kwenye tivi kubwa, na nyongeza tatu zimo humo humo. Andaa sevu moja safi ya nje ya pango la Helgen ili mteja mpya asilipe jero kuangalia mkokoteni. Weka daftari. Na wateja wakianza kuuliza wajiunge na nani, waache wabishane kwanza wote wakiwepo, kabla hujampa mtu pedi.